Marehemu Charles Bukeko: Somo kwa Wapendao Kuigiza

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo juu ya kazi ya kuigiza, kwa sababu mwaka huu wanafunzi wengi wamejiandikisha katika chama cha michezo, na wengi wao hawajapata kusimama jukwaani hata mara moja. Nimekubali kwa furaha. Lakini badala ya kuwapa kanuni za vitabuni, nimeona yafaa niwaeleze habari za mtu wa nchi yetu hii hii, aliyeifanya kazi hiyo mpaka akajulikana mbali sana. Mtu huyo ni marehemu Charles Bukeko. Alifariki Nairobi siku ya Jumamosi, tarehe 18 Julai 2020, kwa ugonjwa wa korona, naye alikuwa na umri wa miaka 58. Akazikwa siku ya Jumatatu, tarehe 20, nyumbani kwao Namisi, hapa hapa Busia.

Wengi wenu hamlijui jina la Bukeko, bali mwalijua jina la Papa Shirandula. Hilo ndilo jina la mchezo wake katika televisheni ya Citizen, mchezo uliodumu miaka zaidi ya kumi, na kila aliyekuwa na televisheni, au jirani mwenye televisheni, aliutazama. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wadogo sana alipofariki, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Papa Shirandula ni mtu mzima, mnene, mwenye mke aitwaye Wilbroda. Kazi yake ni ya ulinzi: ni bawabu, au soja kama tusemavyo huku kwetu. Lakini mkewe hajui. Mkewe anadhani kwamba mumewe ni mkubwa wa ofisi. Basi maisha yote ya Papa Shirandula ni kuificha kazi yake isijulikane nyumbani, na kila juma siri ile hukaribia kufichuka, naye hupata njia ya kuifunika tena.

Sasa liko swali moja ambalo nimelisikia mara nyingi, hata katika chumba cha walimu. Watu husema: "Huyo alikuwa mchekeshaji tu. Mwigizaji mkubwa ni yule anayelia na kuliza watu, au anayecheza wafalme." Nilipomtaja Bukeko kuwa mwigizaji mkubwa mwenye ufundi wa namna nyingi, rafiki yangu mmoja, mwalimu wa hesabu, alicheka sana. Somo hili ni jibu langu kwake, nami natumaini atalisoma mpaka mwisho, maana wenzetu wa hesabu hupenda kuruka kurasa za Kiswahili.

Fikirini kwanza juu ya mchezo wenyewe. Mwigizaji wa kawaida ana kazi moja: yeye ni Fulani, naye ajifanya bawabu. Bukeko alikuwa na kazi mbili. Alijifanya bawabu, na bawabu yule naye alijifanya mkubwa wa ofisi. Yaani alicheza mtu ambaye mwenyewe ni mchezaji, tena mchezaji asiye hodari sana. Hapo pana ugumu mkubwa. Kama Bukeko angalimcheza yule mkubwa wa ofisi vizuri kabisa, watazamaji wangalimsahau bawabu, na kicheko kingalikufa. Kama angalimcheza vibaya mno, tungalimwona Wilbroda kuwa mjinga asiyeona lililo wazi, na mchezo ungalikuwa wa matusi kwa mwanamke. Ilimpasa acheze vibaya kwa kiasi, ili mke aweze kuamini, nasi tuweze kuona nyufa. Kuimba kwa sauti mbovu makusudi, na watu wajue kwamba waweza kuimba vizuri, si kazi ya mwanafunzi.

Na nyufa zenyewe hazikuwa katika maneno. Zilikuwa mwilini. Tazama mtu mwenye cheo akiingia chumbani: huangalia viti, achague cha kukalia. Mlinzi akiingia chumbani huangalia mlango. Hiyo ni desturi ya kazi, nayo haimtoki mtu hata akivaa koti la bei. Mwigizaji anayejua jambo hili hana haja ya kusema, "Mimi ni mlinzi ninayejificha." Macho yake yatasema. Kabla ya kujifunza maneno ya mchezo, jifunzeni macho ya mtu mnayemcheza huenda wapi kwanza.

Liko lalamiko la pili, nalo ni zito kuliko la mwalimu wa hesabu, kwa hiyo sitalipita upesi. Katika Kenya watu wa magharibi tumetaniwa miaka mingi kwamba kazi yetu mijini ni ulinzi na upishi. Wengi wa baba zetu, na ndugu zetu, kweli walikwenda Nairobi na Mombasa wakalinda malango ya watu wengine. Tena lafudhi yetu ya Kiswahili huchekwa. Basi wako waliosema kwamba Bukeko, mwana wa Busia, alichukua aibu yetu akaiuza sokoni, akawapa watu wa makabila mengine sababu ya kutucheka. Nimemsikia mzee mmoja akisema hivyo kwa uchungu, na mzee huyo alikuwa amelinda ghala huko mjini kwa miaka ishirini na zaidi. Siwezi kumwambia kwamba hana haki ya kuona uchungu.

Lakini nawaomba mtazame ni nani anayechekwa katika mchezo ule. Hatucheki ulinzi. Ulinzi wenyewe Papa Shirandula aufanya kama kazi, apata mshahara, alisha watu wake. Kinachochekwa ni uwongo, na uwongo ule haukuanza na yeye. Ulianza na sisi sote tunaompa heshima mwenye tai na kumnyima mwenye rungu. Mtu akirudi kijijini mwezi wa Desemba amevaa suti, twamwuliza yuko ofisi gani, naye aliyesimama usiku kucha katika baridi ya Nairobi ajibu kwamba yuko "kampuni moja hivi." Nani asiyeyajua majibu hayo? Bukeko aliyajua. Hakuyazua. Aliyachukua akayaweka mbele yetu, na kicheko chake kilikuwa na mwiba ndani. Kwa maoni yangu, yule mzee wa ghala alikuwa amechomwa na mwiba huo, na mwiba ulikuwa umelengwa kwetu tuliomfanya afiche kazi yake.

Hapa nataka kutaja sinema moja, maana wengine hudhani Bukeko alikuwa wa televisheni peke yake. Alianzia katika michezo ya jukwaani, akaingia katika televisheni, na katika sinema pia. Mwaka 2012 ilitoka sinema iitwayo The Captain of Nakara, iliyoongozwa na Bob Nyanja wa Kenya, na Bukeko alikuwa mmoja wa wachezaji wake. Hadithi ya sinema ile ina asili ya kweli, tena ya ajabu. Katika mwezi wa Oktoba 1906, huko Ujerumani, fundi viatu mmoja aitwaye Wilhelm Voigt, aliyekuwa amefungwa gerezani mara nyingi, alinunua mavazi kuukuu ya kapteni wa jeshi. Akayavaa, akakutana na askari njiani, akawaamuru wamfuate. Wakamfuata. Akaenda nao mpaka mji wa Köpenick karibu na Berlin, akamkamata meya, akachukua fedha za mji, akaenda zake. Hakuna aliyemwuliza yeye ni nani. Sare ilitosha. Mwaka 1931 mwandishi Carl Zuckmayer aliifanya habari hiyo kuwa mchezo wa kuigiza, na Nyanja na wenzake wakaichukua wakaipanda katika nchi ya Kiafrika ya kubuniwa iitwayo Nakara, nchi ambayo mtu mdogo hapati hata ruhusa ya kibanda cha kuuzia sokoni mpaka avae nguo za mkubwa.

Mwaona? Katika sinema ile mtu avaa sare ili apate heshima. Katika Papa Shirandula mtu avua sare ili apate heshima. Ni jambo lile lile limegeuzwa ndani nje, kama koti. Sisi wa mpakani hatuna haja ya kwenda Köpenick kujifunza somo hili. Simameni Malaba au Busia, penye lango la forodha, saa moja tu. Mtamwona mama mwenye mzigo wa samaki akinyenyekea mbele ya kijana aliye rika la mwanawe, kwa sababu ya vifungo vya shaba katika shati la kijana huyo. Mtamwona dereva wa lori, mtu mwenye sauti kubwa njia nzima toka Mombasa, akipunguza sauti anapofika dirishani. Kisha kijana yule atoka kazini jioni, avua shati, akaja kununua samaki, na mama yule yule amwita "mwanangu" na kumpunja. Mchezo wote u hapo.

Sasa nije kwenye jambo la lafudhi, ambalo naona ni mali yetu kubwa kuliko shule nyingine zote, nasi twaitupa bure. Nchi hii yetu imekatwa na mpaka, lakini lugha hazikukatwa. Hata mpaka wenyewe ulihamishwa: kabla ya mwaka 1902 nchi hii ya Busia ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, pamoja na nchi nyingine mpaka karibu na Naivasha, kisha serikali ya Waingereza ikaiingiza upande wa pili kwa kalamu tu. Wateso wako Tororo na wako Malaba. Wasamia wako pande zote mbili. Kule Tororo, chini ya lile jabali, mtasikia Kipadhola na Kiteso. Mkivuka mtasikia Kiluhya cha namna nyingi, na Kijaluo, na Kiganda cha wafanya biashara, na juu ya hizo zote Kiswahili cha kila sura. Hata neno boda boda, linalotumika leo katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki, lilizaliwa hapa mpakani, kwa vijana wa baiskeli waliowaita abiria wa kuvushwa toka lango hili mpaka lango lile. Mtoto aliyekulia katika soko la Busia amesikia lafudhi sita kabla ya kuanza darasa la kwanza. Kisha aja shuleni, nasi walimu twamwambia aseme lafudhi moja.

Bukeko aliyatumia masikio yake. Kiswahili chake katika mchezo ule kilikuwa na uzito wa kwetu, lakini hakikuwa cha kubahatisha. Kilikuwa na mwendo wake, hasa alipotaka kusema kama mkubwa wa ofisi na ulimi ukamrudisha nyumbani. Wala hakuwa wa kwanza katika ufundi huu. Wazee wanaosoma gazeti hili watamkumbuka Mzee Ojwang wa Vitimbi na Vioja Mahakamani. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, naye alifariki tarehe 12 Julai 2015. Mzee yule alikuwa Mkikuyu. Lakini kwa miaka mingi alicheza Mjaluo, na Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kijaluo kilikuwa kamili hata watu wengi waliapa kwamba ni mtu wa Nyanza. Hiyo si kuiga kwa dhihaka. Anayedhihaki huchukua kosa moja la matamshi na kulirudia mpaka watu wachoke. Anayeigiza hutafuta jinsi mtu yule anavyofikiri katika lugha yake, na matamshi huja yenyewe nyuma ya fikira. Wanafunzi wa chama cha michezo, tofauti hiyo ishikeni sana, maana mwaka jana nilisikia katika mazoezi lafudhi nyingi zilizokuwa za dhihaka tupu.

Wengine watasema kwamba mwigizaji wa lafudhi hawezi kuvuka mipaka ya nchi yake. Basi na tutazame tangazo la soda ya Coca-Cola alilolicheza Bukeko, lile la "Brrr." Ndani yake mnywaji anywa soda baridi, mwili wamtetemeka, atoa sauti ile, basi. Tangazo lile lilionyeshwa katika nchi nyingi za Afrika, na watu wasiojua Kiluhya, wala Kiswahili, wala habari za Papa Shirandula, waliicheka sura ile na kuiiga barabarani. Mjaribu wenyewe mbele ya kioo kutetemeka kwa baridi ya soda kwa namna itakayomfanya mtu wa mbali atamani kunywa. Si rahisi. Wengi mtaonekana kama wenye homa.

Kwa kuwa nimesema juu ya ufundi wa namna nyingi, sharti nimtaje mwigizaji mwingine wa jirani zetu, ambaye habari zake ni kinyume. Joseph Olita alikuwa mtu wa Siaya. Mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya Idi Amin kuondolewa Kampala mnamo Aprili 1979, ilitoka sinema ya Sharad Patel iitwayo Rise and Fall of Idi Amin, na Olita ndiye aliyemcheza Amin. Alifanana naye kwa mwili na kwa uso hata ikaogofya. Kwa watu wa hapa jambo hilo halikuwa la mchezo. Mwezi wa Februari 1976 Amin alikuwa amedai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Kwa madai hayo Busia nzima ingalikuwa yake. Tororo walikaa chini yake miaka minane. Mtu aliyevuka mpaka usiku kwa kuogopa askari wa Amin, kisha akaingia sinema na kumwona Amin amesimama mbele yake, akicheka kicheko kile, hakuwa akitazama hadithi ya mbali.

Olita alifanya kazi kubwa. Lakini sura ile ilimfunga. Miaka kumi baadaye, Mira Nair alipotengeneza Mississippi Masala mwaka 1991, aliyeitwa kumcheza Amin ni Olita tena. Alipofariki mwezi wa Juni 2014, magazeti yalimtaja kuwa ni yule aliyecheza Amin, na karibu hayakuwa na la kuongeza. Mlinganishe na Forest Whitaker wa Marekani, aliyemcheza Amin katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006, sinema iliyopigwa Uganda kwenyewe. Whitaker hakufanana na Amin sana. Ilimbidi ajifunze Kiswahili, ajifunze hata kupiga kodiani, ajenge Amin toka nje mpaka ndani. Mwaka 2007 akapewa tuzo la Oscar, kisha akaendelea na watu wengine. Twaweza kuuliza: je, Olita alikosa ufundi, au alikosa watu wa kumpa sehemu nyingine? Mimi naamini ni la pili. Kenya ya miaka ile haikuwa na sinema zake za kutosha kumpa mtu mkubwa hivyo kazi ya kucheza mchungaji, au mvuvi, au baba mwenye huzuni. Wageni walipokuja walitaka Amin.

Na hapo ndipo namheshimu Bukeko zaidi. Yeye naye alikuwa na mwili mkubwa ambao ungaliweza kumfunga. Angaliweza kuwa mnene wa kuanguka na kuvunja viti katika kila mchezo. Badala ya kungoja kuitwa, alishika mchezo wake mwenyewe, akawakusanya vijana, akawapa nafasi. Jacky Nyaminde aliyecheza Wilbroda, Jacky Vike aliyecheza Awinja mtumishi wa nyumbani, Kenneth Gichoya aliyecheza Njoro, wote walipata majina kwa njia ile. Hata Felix Odiwuor, ambaye watu humwita Jalang'o, alipita katika mchezo ule. Mwaka 2022 alichaguliwa kuwa mbunge wa Lang'ata, kwa hiyo wazazi wanaosema kwamba michezo haimfikishi mtoto popote, na wasome sentensi hii mara mbili. Mtazameni Bukeko katika sehemu ambazo mwingine ndiye anayesema. Hachezi na kofia yake, wala hatafuti kucheka watu wamwangalie yeye. Asikiliza. Awinja akiwa na neno la kuchekesha, Bukeko amwachia kicheko chote. Jambo hilo katika chama chetu ni adimu kuliko mvua ya Januari.

Tanzania nao wamezika wakubwa wao. Steven Kanumba alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, kijana wa miaka 28, na maelfu ya watu walijaa njiani siku ya maziko yake. Amri Athumani, yaani King Majuto wa Tanga, alifuata tarehe 8 Agosti 2018. Wa kwanza alicheza wapenzi, wana wa kupotea na watu wabaya. Wa pili alichekesha watu tangu jukwaani hata sinema. Sinema za Bongo zimefika mpaka vibanda vya video vya Uganda, ambako mfasiri hukaa na chombo cha kusemea, akawaeleza watazamaji kwa Kiganda yanayotendeka, na mara nyingi akaongeza yake. Mkivuka kwenda upande wa pili wakati wa likizo, msiwadharau wafasiri hao. Kusema kwa sauti za watu sita bila kupumzika, mbele ya watu waliolipa, ni shule.

Nirudi Namisi. Ninyi mwajua msiba wa kwetu ulivyo. Mtu mkubwa akifa, watu hukesha siku nyingi, ngoma hupigwa, jamaa huja toka mbali, kila mtu husema neno lake, na walafi nao hawakosi. Mtu aliyechekesha nchi nzima miaka zaidi ya kumi angalipata msiba wa kusimuliwa na wajukuu. Lakini ilikuwa Julai 2020. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu mpakani, madereva wakingoja kupimwa. Uganda ilikuwa imewafungia abiria mpaka wake, ikipitisha mizigo tu, kwa hiyo jamaa na wapenzi wa upande wa pili, ambao kutoka kwao mpaka Busia ni mwendo wa baiskeli, walikuwa mbali kama watu wa Ulaya. Alifariki Jumamosi, akazikwa Jumatatu, kwa taratibu za wizara ya afya, upesi. Siku mbili. Watu waliomwona kila juma nyumbani mwao hawakupata nafasi ya kumlilia kwa desturi.

Nimefikiri sana juu ya siku hizo mbili. Mwigizaji ni mtu wa ajabu, maana twamjua uso wake kuliko tunavyojua nyuso za wajomba wetu, naye hatujui hata kidogo. Alipokufa, wengi hapa walisema, "Papa Shirandula amekufa," si "Bukeko amekufa." Wengine walisema kwa utani wa huzuni kwamba Wilbroda sasa atajua kazi ya mumewe. Nilipousikia utani huo sikujua nicheke au nilie, na naona mwenyewe angaliupenda, kwa kuwa ndivyo michezo yake ilivyokuwa. Kama angalikuwa mchekeshaji tu, watu wasingaliumia hivyo. Mwalimu wa hesabu na anijibu hapo.

Basi sasa kazi. Kila mwanachama na amchague mtu mmoja mwenye sare: mlinzi wa lango la shule, askari, muuguzi, kondakta, mtu wa forodha, yeyote. Mtazame kwa siku tatu bila kumsumbua, wala kumwiga mbele yake, maana hiyo ni adabu mbaya. Angalia macho yake huenda wapi kwanza aingiapo mahali. Angalia mikono yake hufanya nini asipokuwa na kazi. Sikiliza neno gani hulisema katika Kiswahili na neno gani hurudi kulisema katika lugha ya kwao, na ni wakati gani. Andika katika daftari. Kisha uje utuonyeshe mtu huyo bila sare yake, akiwa nyumbani kwake jioni, naye anaficha jambo moja ambalo hutatuambia; sisi tutalitafuta katika mwili wako. Usiseme zaidi ya sentensi tano.

Wazee waliosoma hapa zamani, ambao wana picha au kumbukumbu za michezo iliyochezwa katika ukumbi wetu, tafadhali wazilete kwa mhariri, hasa za miaka ya nyuma kabla ya televisheni kufika huku. Aliyemjua marehemu Bukeko alipokuwa kijana wa kawaida wa Busia, kabla ya jina, naye na aandike. Tutaichapa habari yake katika toleo lijalo.

Tutakutana siku ya Alhamisi saa kumi na nusu jioni katika chumba cha kulia, baada ya viti kuondolewa. Kila mmoja alete koti kuukuu na kofia. Wasio na koti wataazima langu kwa zamu, lakini ni kubwa.